Kompyuta Chakavu: Nani Akabidhiwe, na Akabidhiwe Nini?

Mnunuzi wa skrepa anapofika Talatala, wilayani Kyela, huja na toroli, magunia na mizani ya kuning'iniza. Hununua sufuria zilizotoboka, bati lililokula kutu, rimu za baiskeli na betri za magari. Miaka ya karibuni ameanza kununua pia kompyuta. Nilipata kumwona mmoja wao njiani, upande wa kwenda bandari ya Itungi, akiwa na masanduku matatu ya kompyuta yaliyofungwa kwa kamba ya mpira juu ya mabati. Katika moja ya masanduku hayo ilikuwa bado imebandikwa karatasi yenye jina la ofisi iliyoyauza. Jina hilo silitaji hapa, kwa kuwa ofisi hiyo haikufanya jambo lisilofanywa na ofisi nyingine nyingi.

Nilimwuliza amenunua kwa bei gani. Akanijibu, "Kwa kilo, mwalimu, kama chuma kingine." Hakuwa mwongo wala mwizi. Alikuwa amelipa bei iliyokubaliwa, naye alikuwa akipeleka mzigo wake mjini ili aishi. Lakini katika biashara ile palikuwa na kitu ambacho mizani haikukipima, na ambacho muuzaji na mnunuzi wote wawili hawakukifikiria: yale yaliyokuwa yameandikwa ndani ya masanduku.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu na mwanafunzi wa sekondari namna ya kuziondoa kompyuta na simu zilizochakaa mikononi mwa biashara, chama cha ushirika au shule bila kuzitoa siri za watu. Kurejeleza ni kukitengua kifaa kilichochakaa na kuzirudisha malighafi zake katika matumizi. Afanyaye kazi hiyo tutamwita mrejelezaji. Swali letu ni hili: mrejelezaji mwaminifu hutambuliwaje? Tutaona kwamba kabla ya kulijibu yatupasa tuulize swali jingine linalolitangulia, nalo ni kwamba tunataka kumkabidhi nini hasa.

Kuna nini ndani ya sanduku

Tuchukue mfano wa darasani. Chama cha msingi cha wakulima wa kakao kina kompyuta moja kwenye chumba cha karani. Kakao ya Kyela huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima huleta mzigo, hupimwa, huandikwa, na baada ya mnada hulipwa kwa benki au kwa simu. Kwa hiyo kompyuta ya karani ina jina la kila mkulima, kijiji chake, namba yake ya simu, namba ya akaunti yake, kilo alizoleta kila wiki na fedha alizolipwa, pengine kwa misimu sita au saba. Mfalme wa zamani asingeweza kuwa na habari kamili namna hiyo juu ya raia zake.

Tuseme sasa kompyuta hiyo imekufa na imeuzwa kwa kilo. Diski yake imeishia mezani kwa kijana wa mjini ajuaye kuisoma. Mzee mmoja wa Talatala anapigiwa simu: "Shikamoo mzee wangu. Napiga kutoka chama. Zile kilo 142 ulizoleta Alhamisi malipo yake yamekwama, akaunti yako ina tatizo. Tuma ada ya marekebisho kwenye namba hii." Watanzania wengi wamekwisha kujifunza kuupuuza ujumbe wa kutuma fedha kwenye namba fulani. Lakini ni nani atakayempuuza mtu anayezijua kilo zake 142, na siku aliyozileta? Tapeli akishakuwa na ukweli mdogo mkononi hahitaji ufundi mwingine.

Wala tusidhani kwamba hatari imo katika kompyuta peke yake. Mashine kubwa za kunakili zilizo katika baadhi ya maofisi na maduka ya steshenari huwa na diski ndani yake, na kila hati inayonakiliwa huweza kubaki humo: vyeti, vitambulisho, mikataba ya mashamba. Mwaka 2010 shirika la habari la CBS la Marekani lilinunua mashine nne za namna hiyo zilizotumika na kukuta humo hati za polisi na za hospitali. Moja ilikuwa imetumiwa na kampuni ya bima ya afya iitwayo Affinity Health Plan, ambayo mwaka 2013 ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa kosa hilo. Simu ya wakala wa fedha nayo ni ghala la siri. Hali kadhalika mashine ya EFD ya kutolea risiti ina kumbukumbu ya mauzo, na haifai itoke dukani kabla mwenye duka hajaulizia TRA utaratibu wake.

Faili lililofutwa liko wapi?

Karani wetu atajitetea kwamba alifuta kila kitu kabla ya kuuza. Bila shaka anasema kweli kwa kadiri ya ufahamu wake. Hebu tuone alifanya nini.

Mwanafunzi aliyewahi kutumia maktaba ya zamani anajua kabati la kadi. Kila kitabu kina kadi inayoonyesha kipo rafu gani. Sasa mkutubi aamue kukiondoa kitabu fulani, lakini badala ya kwenda rafuni achane kadi tu. Msomaji anayetafuta kwa kadi ataambiwa kitabu hakipo. Msomaji anayetembea rafu kwa rafu atakiona kimekaa pale pale, mpaka siku mkutubi atakapohitaji nafasi ile kwa kitabu kingine. Ndivyo kompyuta inavyofuta. Kufuta faili, na hata kufanya fomati ya haraka, ni kuchana kadi. Maandishi yenyewe hubaki juu ya diski hadi maandishi mengine yaandikwe mahali pale pale.

Katika diski ngumu ya kawaida, ile ambayo mafundi huiita hadi disiki, maandishi hayo ni vijisehemu vya sumaku juu ya sahani inayozunguka. Havikauki wala havififii kwa sababu kompyuta imekufa. Kuungua kwa kifaa cha umeme, kupasuka kwa kioo, kuharibika kwa bodi kuu, yote hayo hayaigusi sahani. Diski huchomolewa ikachomekwa katika kompyuta nyingine, ikasomeka. Kompyuta "mbovu" aghalabu ni mbovu kwa mwenyewe tu.

Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walilithibitisha jambo hili kwa jaribio rahisi. Kati ya miaka 2000 na 2002 walinunua diski 158 zilizotumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa barabara. Katika zilizobaki walikuta barua za hospitali, hesabu za makampuni na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Wachunguzi hao hawakutumia hila yoyote. Walinunua sokoni kama mtu mwingine yeyote.

Mwandishi wa makala haya naye alipata somo hilo kwa mkono wake. Nikiwa mwanafunzi ng'ambo nilinunua diski ya bei nafuu katika gulio la Jumamosi, nikakuta humo mishahara ya wafanyakazi wa kampuni ndogo, pamoja na barua ya mfanyakazi mmoja akimweleza mwajiri ugonjwa wa mkewe. Niliifunga, nikaandika juu yake, nikaendelea na masomo. Nimesahau majina yote ya orodha ile. Barua ile sikuisahau.

Njia tatu za kuondoa maandishi

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2006 mwongozo namba 800-88, ambao umerekebishwa mara kadhaa na ambao warejelezaji wa nchi nyingi huufuata. Unazitenga daraja tatu za kazi hii. Ya kwanza ni kusafisha, yaani kuandika juu ya diski nzima kwa amri za kawaida. Ya pili ni kutakasa, yaani kutumia njia ambayo hata maabara yenye vifaa bora haiwezi kuyarudisha maandishi. Ya tatu ni kuharibu kifaa chenyewe.

Juu ya daraja ya kwanza kuna uvumi wa zamani unaopaswa kuzikwa. Mwaka 1996 Peter Gutmann wa New Zealand aliandika makala yenye utaratibu wa kuandika juu ya diski mara 35. Watu waliushika kama dawa ya mganga. Yeye mwenyewe baadaye aliwalaumu kwa kutousoma vizuri, maana mara hizo 35 zilikusanya mahitaji ya aina mbalimbali za diski za wakati ule, na hapana diski moja iliyozihitaji zote. Kwa diski ngumu za sasa, kuandika juu mara moja, kikamilifu, mwanzo hadi mwisho, kwatosha. Mwanafunzi na afanye hesabu: diski ya gigabaiti 500 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itamaliza kwa sekunde 5,000, yaani saa moja na dakika 23. Mara 35 ni karibu siku mbili mfululizo, na umeme usikatike. Wengi huanza utaratibu huo wa siku mbili, umeme ukakatika, wakaacha. Afadhali mara moja iliyokamilika.

Diski zisizozunguka, zinazotumia chipu badala ya sahani, ni jambo jingine. Chipu huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi mahali pamoja. Kwa hiyo kidhibiti kilichomo ndani huyahamisha maandishi huku na huku ili uchakavu ugawanyike. Tukiamuru "andika hapa", kifaa huandika mahali pengine, na nakala ya zamani ikabaki mafichoni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba njia zilizozoeleka za kufuta faili moja moja hazitegemeki kabisa kwa diski za aina hii. Sumaku kubwa ya kufutia diski nayo haina kazi hapa, kwa sababu chipu haziandikwi kwa sumaku. Ama simu, watafiti wa Cambridge walipima mwaka 2015 simu 21 zilizotumika, zenye Android za toleo 2.3 hadi 4.3, wakakuta kwamba kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hakukufuta yote.

Dawa ya chipu hutangulia ugonjwa. Maandishi yakiandikwa tangu siku ya kwanza kwa lugha ya siri, yaani kwa usimbaji, chipu hubeba fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Siku ya kuiondoa, ufunguo huharibiwa, na fumbo hubaki fumbo milele. Simu nyingi za miaka ya karibuni hufanya hivyo zenyewe. Kwa kompyuta, mara nyingi mwenye mali lazima awashe usimbaji huo. Natamani kila chama cha ushirika kingefanya hivyo leo, kabla ya kusoma aya inayofuata.

Kuhusu kuharibu, tusipumbazwe na nyundo. Sahani ya diski ndogo ya gigabaiti 500 ina eneo la kuandikia la sentimita mraba 48 hivi ikihesabiwa pande zote mbili. Kila sentimita mraba basi hubeba gigabaiti 10. Ukurasa mmoja wa maandishi ni kama kilobaiti 2. Kwa hesabu hiyo kipande cha ukubwa wa ukucha huchukua kurasa milioni 5. Ni kweli kwamba kukisoma kipande hicho ni kazi ngumu mno, wala tapeli wa kawaida hataithubutu. Lakini kwa diski ya chipu hali ni nyepesi zaidi kwake: chipu moja nzima iliyoponyoka nyundo huweza kusomwa. Ndiyo maana Marekani, kwa siri za dola, hudai diski za chipu zisagwe hadi vipande visizidi milimita 2. Nyundo huvunja sanduku, humridhisha mwenye kupiga, na huacha chipu mbili nzima chini ya meza.

Siri na sumu ni vitu viwili

Tumefika mahali ambapo, kwa maoni yangu, watu wengi hupotea. Wanatafuta mtu mmoja wa kuwaondolea matatizo mawili yasiyofanana. Kompyuta chakavu ina siri na ina sumu. Siri imo katika kifaa cha uzito wa gramu 100 hadi 700 kilichoshikiliwa kwa skrubu nne. Sumu imetapakaa katika kilo nyingine zote: risasi katika lehemu za bodi za zamani na katika kioo cha runinga zenye tumbo, ambacho peke yake chaweza kuwa na kilo nzima ya risasi, zebaki katika taa za vioo bapa vya mwanzo, plastiki ya nyaya ambayo ikichomwa kupata shaba hutoa moshi wenye dayoksini.

Siri yaweza kumalizwa Talatala. Kinachohitajika ni bisibisi, jioni moja na karani makini. Sumu haiwezi kumalizwa Talatala hata kidogo. Uwanda wa Kyela ni tambarare, mvua zake ni miongoni mwa nyingi kabisa nchini, na mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika ikapita juu ya mashamba ya mpunga. Kinachozikwa nyuma ya stoo hakikai nyuma ya stoo. Huelekea ziwani, na Ziwa Nyasa halina haraka ya kujisafisha: lina kina cha takriban meta 700, mto unaotoka ni Shire peke yake, upande wa kusini wa mbali, na maji yake mengi zaidi huondoka kwa kuwa mvuke kuliko kwa kufuata mto. Mvuke hauchukui risasi.

Kwa hiyo yafaa tugawe kazi. Diski itolewe na mwenye mali, isafishwe na mwenye mali, ifungiwe kabatini. Sanduku lililobaki, lisilo na siri tena, lipelekwe kwa mrejelezaji wa sumu. Tukifanya hivyo imani tunayomwomba mrejelezaji hupungua nusu, na uchaguzi wetu huwa mwepesi. Diski zilizokataa kusafishwa kwa ubovu, na vifaa vyenye kumbukumbu iliyochomelewa kwenye bodi, hivyo ndivyo vitakavyohitaji mrejelezaji wa siri, naye tumchunguze kwa ukali.

Ukali huo una sababu. Benki ya Morgan Stanley ya Marekani, yenye fedha na wanasheria wa kila namna, iliwahi kuikabidhi kazi ya kuondoa maelfu ya diski na seva kampuni ya kuhamisha mizigo isiyokuwa na uzoefu wowote wa kuharibu data. Kampuni hiyo iliviuza vifaa hivyo, navyo vikaonekana katika mnada wa intaneti vikiwa na habari za wateja. Mwaka 2020 benki ilitozwa dola milioni 60 na msimamizi mmoja, na mwaka 2022 dola milioni 35 na mwingine, aliyesema kwamba wateja wapatao milioni 15 walihusika. Iligundulika pia kwamba baadhi ya vifaa vya benki hiyo vilikuwa na uwezo wa usimbaji, ila kwa miaka hapana aliyeuwasha. Karani wa Talatala asijione mjinga.

Hata Afrika imeonekana katika kioo hicho. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada, wakifanya kazi kwa ajili ya kipindi cha Frontline, walinunua nchini Ghana kwa dola 40 diski iliyokuwa na hati za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani.

Namna ya kumchunguza

Sasa twaweza kurudi kwa mrejelezaji. Ajapo na gari lenye rangi ya kijani na picha ya jani, tumwulize nini?

Kwanza kibali. Kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka kazi hii ifanywe kwa kibali. Tusiridhike na nakala anayotuonyesha. Tuchukue namba na tuithibitishe katika ofisi ya kanda iliyoko Mbeya ya chombo cha serikali cha mazingira, kilichojulikana kwa miaka mingi kwa jina la NEMC. Kibali cha kukusanya si kibali cha kurejeleza. Wapo wanaokusanya tu, na hilo si kosa, mradi waseme wanampelekea nani.

Swali la pili ndilo linalowatenga wakweli na wasanii: bodi zinakwenda wapi? Afrika Mashariki ina vituo vya kutengua vifaa, kama vile WEEE Centre ya Nairobi na kile cha Bugesera nchini Rwanda kinachoendeshwa na Enviroserve, na Dar es Salaam nayo ina makampuni ya kazi hiyo. Lakini kuyeyusha bodi na kutoa dhahabu, shaba na paladi bila kutia sumu hewani ni kazi ya viwanda vikubwa vichache duniani, kama kile cha Umicore huko Hoboken, Ubelgiji. Mrejelezaji mkweli atakutajia mnunuzi wake wa mwisho na kukuonyesha hati za usafirishaji. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki zivuke mpaka kwa idhini ya maandishi ya nchi inayopokea. Anayejibu kwamba "tunazichakata wenyewe hapa hapa" aombwe kuonyesha mtambo. Akionyesha beseni la tindikali, tuondoke na mizigo yetu.

Tatu, vyeti vya kimataifa. Vipo R2, e-Stewards na NAID, na kila kimoja kina thamani yake. Hata hivyo cheti ni shahidi, si hakimu. Kampuni ya Total Reclaim ya Seattle ilikuwa miongoni mwa zilizosifiwa sana katika kazi hii, tena yenye cheti, mpaka shirika la Basel Action Network lilipoficha vifaa vya kufuatilia safari ndani ya vioo vya kompyuta na kuona vikitua Hong Kong. Wamiliki wake wawili walihukumiwa kifungo cha miezi 28 mwaka 2019. Kilichowafichua ni kifaa kilichofuatwa hatua kwa hatua hadi mwisho wa safari.

Sisi hatuna vifaa vya kufuatilia, lakini tunayo daftari. Kila diski ina namba yake ya kiwandani iliyochapwa juu yake. Namba hizo ziandikwe kabla mzigo haujaondoka, nakala mbili, zisainiwe na anayetoa na anayepokea. Baada ya kazi, mrejelezaji alete hati ya uharibifu yenye namba zile zile moja moja, tarehe, njia iliyotumika na jina la mtendaji. Hati inayosema "tumeharibu kilo 40 za diski" ni risiti ya skrepa. Mrejelezaji anayekasirika kwa kuombwa namba amekwisha kutupa jibu.

Nne, tumwulize kama tunaweza kuhudhuria. Warejelezaji wa siri walio wazuri humruhusu mteja asimame na kuona diski zake zikisagwa. Kutoka Talatala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na nauli ya mtu mmoja ni mzigo kwa chama kidogo. Lakini kwa nini kila chama kiende peke yake? Vyama, shule, zahanati na maduka ya wilaya moja yaweza kukusanya diski zao mwaka mzima, kila mmoja na orodha yake, na kumtuma shahidi mmoja mara moja. Ushirika ulioweza kukusanya kakao hauwezi kushindwa na diski.

Mwisho, bei. Mnunuzi wa skrepa hulipa, na mrejelezaji wa siri hulipwa. Hapo ndipo wahasibu wengi hukunja uso. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtambua mkusanyaji wa taarifa na kumpa wajibu wa kuzilinda. Kumwajiri mchakataji hakumwondolei wajibu huo. Mkulima aliyetapeliwa hatamtafuta mwenye toroli. Atakuja chamani, kwa kuwa ndiko alikoacha jina lake.

Simshauri mtu yeyote amfukuze mnunuzi wa skrepa. Kazi yake inaokoa chuma na bati ambavyo vingeozea vichakani, na akifundishwa kutenga bodi na betri bila kuzichoma atakuwa mkusanyaji bora kuliko gari lolote la kijani. Sanduku tupu la chuma la kompyuta ni haki yake. Diski si yake.

Jaribio

Darasa litafute kadi ndogo ya kumbukumbu ya gigabaiti 4 au 8 iliyo mali ya shule. Wanafunzi waipige fomati kamili, wanakili humo picha 20 walizopiga wenyewe za mazingira ya shule, kisha wazifute zote. Kwa programu ya bure iitwayo PhotoRec wajaribu kuzirudisha na wahesabu ngapi zimerudi. Halafu wapige tena fomati kamili, si ya haraka, warudie jaribio na kulinganisha. Mwalimu ahakikishe kwamba haitumiki kadi ya mtu binafsi, hata kwa ruhusa yake, kwa sababu mtu hukumbuka alichohifadhi na husahau alichofuta.

Maswali

1. Eleza kwa nini sumaku yenye nguvu huweza kufuta diski inayozunguka lakini haiwezi kufuta diski ya chipu.

2. Diski ya terabaiti 2 huandika megabaiti 125 kwa sekunde. Itachukua saa ngapi kuiandika yote mara moja? Katika eneo lenu umeme hukaa muda huo bila kukatika?

3. Chora njia ya maji kutoka nyuma ya stoo ya shule yenu hadi ziwani au mtoni. Andika majina ya vijiji vinavyopitiwa.

4. Katibu wa chama ametuma diski 14 kwa mrejelezaji na amebaki na orodha iliyosainiwa. Hati ya uharibifu imerudi ikiwa na namba 13. Mrejelezaji anasema kwa simu kwamba ni makosa ya mpiga chapa. Namba inayokosekana ni ya kompyuta ya malipo ya wakulima. Andika barua ambayo katibu ataipeleka kwa mrejelezaji, na barua nyingine atakayoisoma mbele ya mkutano wa wanachama.